Pièce ya Mukabera

Baraka, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Mukabera ndugu yangu,

Jambo kwako na kwa bote ba nyumbani. Afya iko namna gani? Ngombe banapata majani? Na majina yangu, ule binti yako uliita Florentine juu yangu, anaendelea na bwana yake Sebineza? Mi niko. Magoti inauma, lakini mudomo iko nzima, we unanijua.

Réseau ya simu ya kwenu imekufa tangu Noeli, njo maana nakuandikia ku karatasi. Aimable wa fromage, ule anauzishaka jibini ya kwenu huku, atakuletea. Usimulipe, nimeisha kumupa ndakala, samaki yetu kidogo ya kukauka.

Sikia basi. Bamama ba paroisse, ba kanisa yetu, tunajenga nyumba ya kungojea, pembeni ya hopitali. Mama mwenye mimba akikaribia kuzaa atalala pale, angojee siku yake, asizalie njiani. Ukuta imesimama. Mabati haiko, bitanda haiko. Nikasema ku réunion, mukutano yetu ya bamama: tushone bulangeti kubwa ya kuunga-unga, kama sœur, ule mtawa, alitufundisha mi na we ku foyer ya kushona, fasi tulijuana tukakuwa dada, wakati tulikuwa tunagombania machine moja. Tuifanyie tombola, batu banunue tiketi na mumoja aipate, siku ya Assomption, mwezi wa munane. Nikasema tena: kama nyumba ni ya kila mama mwenye kutoka mbali, basi bamama ba kule juu kwenu milimani pia bashone. Mama Espérance, présidente yetu, akaangalia chini. Bengine bakanyamaza. Mi nikachukua kule kunyamaza kwao kama ndiyo.

Kwa hiyo kila mama kwenu atume pièce moja. Rangi yoyote. Musichelewe.

Dada yako mukubwa,
Mama Darius


Hauts Plateaux, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Dada Florentine,

Amani ikufikie. Huku tunapumua, tunashukuru Mungu. Mvua ni mingi, ngombe ni kidogo: batu ba bunduki balipita, balibeba ile balitaka. Magoti yako pole. Mudomo yako sina wasiwasi nayo.

Lakini yewe! Pièce? Kila mama pièce? Nilisoma barua yako mbele ya bamama kisha ibada, na Umulisa, jirani yangu, akauliza kama Baraka baliokota dhahabu yote ya mugodi ya Misisi. Pièce nzima ya kitenge, yadi sita! Huku mutu ananunua pièce siku ya ndoa ya binti yake, na ule binti akikufa tunamuzika nayo. Bengine bakasimama bakataka kwenda zao.

Mi nikabaambia bakae. Nimechoka kusikia kama batu ba juu bako ba kuomba tu. Tumejikusanya, kila mutu na kile ako nacho, na tumenunua moja. Ya bluu, ya ndege nyeupe. Njo hii. Ingine haiko. Kama haitoshi, mutushone sisi wenyewe.

Sasa neno ya kweli. Majina yako ako na mimba tena. Ile ya kwanza unakumbuka: tulimuteremusha ku kipoyi, kitanda ya miti ya kubeba mugonjwa, banaume bakipokezana mabega, na mutoto akazaliwa njiani, akakufa mbele hatujaona ata ziwa. Tangu pale binti yangu haimbi. Sage-femme, mukunga wetu, anasema hii atazaa mwezi wa kumi, na asizalie huku, damu yake ni kidogo. Florentine, niambie bila kunipamba: ile nyumba yenu ni ya kweli?

Mudogo yako,
Mama wa majina yako


Baraka, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Mukabera wangu,

Salamu mingi, na Pasaka njema mbele. Uko namna gani, na tumbo ya majina yangu iko namna gani? Ale mboga za majani, ale na maini kama iko.

Nimecheka mpaka mutoto wangu Darius akakimbia kutoka inje kuja kuona. Mutu wangu! Mi nilisema pièce kama sœur alikuwa anasema: kipande! Kipande kidogo, mapana ya mikono mbili, ya kushonesha ku kingine! We ukaniletea yadi sita! Kisha nilifungua ile kitambaa, nikaona ndege zote zile, nikafikiri juu ya mikono yenye ilitoa, na kucheka ikaisha. Nililia, sikufichi.

Sirudishi. Itakuwa mugongo ya bulangeti. Bipande byote bitakaa juu yake.

Na kazi itakwenda hivi, nimeikata mi mwenyewe: hakuna mama atashona kipande peke yake. Bya huku tunaanza, tunaacha nusu, munamalizia kule. Bya kwenu munaanza, tunamalizia huku. Ndani ya mufuko wa Aimable kuko nusu za kwanza. Uzi ni ya kahawia kwa bote. Mutu asijidai na uzi wake.

Nyumba ni ya kweli. Mabati haiko, lakini ni ya kweli. Majina yangu atalala pale, kitanda ya kwanza, kwenye dirisha.

Dada yako,
Mama Darius


Hauts Plateaux, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Dada,

Amani. Tuko. Tumbo iko, na inapiga mateke.

Aimable alichelewa juu njia ilifungwa, akalala musituni na bipande byenu ndani ya shati. Byote binanuka fromage, mutusamehe. Tumemaliza bya kwenu na tumeanza bya kwetu. Umulisa alikuta nusu moja yenye imeshonwa ovyo kabisa, anauliza ni ya nani. Alitaka kufumua. Nikamukataza, juu pengine ni ya présidente.

Jana nilisikia majina yako akiimba pole pole jikoni. Nilisimama inje, sikuingia.

Mudogo yako,
Mama wa majina yako


Baraka, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mukabera,

Habari ya siku mingi? Mi niko muzima, lakini leo nakusalimia na hasira, utanisamehe mwandiko.

Bulangeti imeisha. Tuliitandika ku salle ya paroisse, na batu bakashika mudomo. Ni kubwa, ni muzuri, rangi zinasemezana. Kisha Mama Espérance akaingia na Anatole, katibu wa paroisse, ule mwenye kuweka kalamu ku sikio. Anatole akaanza kubembeleza: "Mama Florentine, kazi ni muzuri. Lakini batu habatanunua tiketi bakijua mikono ya kule juu iko ndani. Vita iliua ndugu za batu huku. Utoe bipande byao, uweke bingine, tumalize bila kelele."

Nikamujibu: "Kaka yangu Roger alikufa ku ile vita. Nilimuzika mi. Usinifundishe kulia." Kisha nikamupa makasi. "Toa we."

Akainama. Akatafuta. Kitenge ni ile ile ya soko, uzi ni ile ile ya kahawia. Akaweka kidole: "Hii?" Nikamuambia: "Ile ilianzwa na mama mukwe wako. Kata." Akahamisha kidole. "Hii basi?" "Ile ilianzwa juu, na ikamalizwa na Mama Espérance. Utakata nusu gani?" Mama Espérance akajidai anatafuta sindano chini. Bamama bakaanza kucheka, na Anatole akapata haya, na haya ikageuka kasirani. Akapindua bulangeti. "Na hii mugongo? Hii kitenge ni ya nani?"

Ningeweza kudanganya, Mukabera. Mudomo yangu inajua. Lakini nilifikiri yadi sita, nikasema: "Ni ya Mukabera na benzake. Yote. Na kila sindano tulipiga imepita ndani yake. Ukiitoa, bulangeti haiko tena, utabaki na takataka mikononi."

Akaweka makasi chini. Akasema basi tombola haitafanyika ku paroisse. Nikasema aksanti, itafanyika ku meza ya ndakala ya Darius, mbele ya hopitali, fasi kila mutu anapita. Bakubali, bakatae, mi nashuka nayo.

Dada yako, mwenye hasira,
Mama Darius


Hauts Plateaux, tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Florentine,

Amani, kama iko.

Nimesoma barua yako mara ya pili na moyo imenikauka. We unaona umeshinda. Mi naona mutu mwenye makasi akipitisha kidole juu ya kazi yetu, akitafuta fasi ya kukata. Leo anatafuta uzi wetu. Kesho binti yangu atalala ku kitanda yenu, dhaifu, na ule mutu atakuja na atauliza: huyu ni wa nani?

Hatukuomba. Tulitoa. Kama pièce yetu inawachoma macho, fumua, uirudishe. Bamama bote banasema vile. Binti yangu atazaa huku, Mungu atajua.

Na we usitupiganie tena. Utabaki na maadui ku mulango, na sisi tutabaki huku huku.

Mukabera


Baraka, tarehe 25 mwezi wa munane 2024

Mudogo yangu,

Nakusalimia, ata kama ulisahau kuweka "mudogo yako" chini ya barua. Niliona. Iliniuma sana. Lakini majina yangu anaendelea namna gani?

Sirudishi. Andika barua kumi, sirudishi.

Tombola ilifanyika. Nilitundika bulangeti mbele ya hopitali, na sikuonyesha bipande, nilionyesha mugongo. Ndege zenu zote, inje, kwa jua. Mutu akiuliza, namuambia: "Iko ya bamama ba juu, na mbele iko ya bote. Unanunua, ao unapita?" Bengine balipita. Mumoja alitema mate chini, nikamuomba arudi afute, hakurudi. Lakini bengine balinunua! Ba infirmiers, bauguzi ba hopitali, batu ba mitumbwi ya Kazimia, Fanny mwenye kuuza muhogo alitoka Mboko na bibi zote za kwao. Mama mumoja mwenye tumbo alisimama sana, akashika ndege moja na kidole, akasema tu: "Basi nitapata fasi ya kulala."

Sasa sikia hii. Darius anachota tiketi, anasoma: Mama Placide. Nani Mama Placide? Kila mutu anajua Placide ni mutoto wa kwanza wa nani. Mama Espérance akatoka nyuma ya mti wa hopitali, uso chini, akapokea. Alikuwa amenunua kwa kuficha! Akaikunja haraka, ndege ndani. Batu bakapiga kelele za furaha mpaka mi mwenyewe nikamuonea huruma. Juzi nimepita kwake: bulangeti iko ku kamba, inakauka, ndege inje. Nilikohoa tu.

Mabati imepanda. Bitanda iko. Na pièce yako haikuishia yote ku bulangeti. Kile kilibaki nilikifanya rideau, pazia ya mulango ya ile nyumba. Anatole alikuja kuuliza nani aliruhusu. Nikamuambia: mulango iko na rideau, na nyuma ya rideau iko mi, juu bamama bamenichagua kuwa mulinzi wa ile nyumba. Mutu akitaka kuuliza binti yako ni wa nani, ataanza kuniuliza mi. Nitamujibu ni majina yangu.

Ulisema nitabaki na maadui ku mulango. Basi babaki ku mulango. Ndani ni kwetu.

Dada yako, upende usipende,
Mama Darius


Baraka, tarehe 15 mwezi wa kenda 2024

Mudogo yangu,

Uko muzima? Majina yangu ako muzima? Aimable alirudi mikono mitupu. Anasema ulisoma, ukakunja, ukaingia ndani.

Haya. Unanyamaza. Unakumbuka bale ba réunion? Vile balinyamaza, mi nilichukua kama ndiyo. Na kwako nachukua vile vile.

Kitanda ya dirishani hakuna mutu analalia. Jana balinigombeza juu yake, ya kama naweka kitanda tupu na bamama bako mingi. Nikalala juu yake mi mwenyewe mpaka banyamaze. Nitafanya tena leo. Mvua inakuja, Mukabera, na ile njia ya utelezi we unaijua kunipita. Usinifanye nilale pale bure.

Dada yako,
Mama Darius


Hauts Plateaux, tarehe 29 mwezi wa kenda 2024

Dada,

Amani ikufikie mbele ya majina yako, juu anashuka.

Anatoka leo asubui. Sebineza na ndugu zake banabeba kipoyi, Aimable anatangulia na hii barua, anaonyesha njia. Niliapa hatashuka. Yeye mwenyewe alichukua barua yako chini ya mukeka, akasoma, akaanza kufunga bitu byake. Nilimuuliza, na bale bakikutazama vibaya? Akasema: "Nitabatazama pia." Sijui mudomo hii alitoa wapi. Najua. Alitoa ku jina.

Mi sikuweza kushuka, ngombe habana mutu, na nikiona ile njia tena moyo itapasuka. Kwa hiyo uko mama yake kuanzia fasi kipoyi itafika.

Ku mukono yake anashika kipande kimoja, uzi wa kahawia. Usikifumue, usikitie ku tombola. Nimeshona nusu. Ni kwa ule mwenye kuja.

Mi nimeanza huku juu. We umalizie.

Mudogo yako,
Mama wa majina yako