Goodness Atasomea Ringwani

Dada yangu Abonyo, shikamoo. Huku Ringwani tu wazima, na mahindi yamestawi.

Sare za shule ya huko Migori ulizomshonea binti yangu Goodness zimefika. Nimezikunja, nikampa aliyezileta akurudishie. Usije kumchukua. Shule yetu ya kata sasa ina maabara. Mawe yake tumeyasomba kwa vichwa vyetu wenyewe, na mwalimu Modestus anafundisha fizikia. Juzi Goodness aliwasha balbu kwa nyaya alizounga kwa mkono wake, wazazi wote tukitazama. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka!

Dada yake, Adhiambo, ulimchukua akiwa na miaka sita, maana hapa watoto mia moja na ishirini walikuwa na mwalimu mmoja. Umemsomesha mpaka amekuwa muuguzi, nakushukuru sana. Ila Krismasi alipokuja aliniita mama mdogo. Sikumsahihisha.

Huyu atasomea hapa, na jioni atarudi kwangu.

Msalimie muuguzi wetu. Mwambie huku kijijini bado naitwa kwa jina lake.

Mdogo wako,
Mama Adhiambo