Kikombe Ambacho Hakikuonjwa

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwetu, mtaa wa Mapendo, mlango wazi, mchana mweupe, na hakuna anayepita kuniambia nisogeze kiti atandike mkeka. Nimekaa na neno hili wiki nzima, na nimeona nisipokuandikia wewe nitaliongea na ukuta. Tayari nimeanza kuongea na ukuta. Jirani wa nyuma alinisikia juzi akauliza kama nimepata mgeni.

Neno lenyewe ni lile lako, kutangulia. Shuleni ninakofundisha naliona kila siku. Kila kitabu kina utangulizi, na hakuna mtoto anayeusoma, wote wanaruka kwenda kwenye picha. Mwalimu aliyenitangulia kwenye darasa la nne aliniachia kabati lisilofungika na orodha ya watoto watundu, na orodha hiyo ilinisaidia kuliko kitabu chochote. Asubuhi ukiwa unatafuta ufunguo uliniambia, "Tanguliya, miye nakuja," na sikuwahi kufika kwenye kona kabla hujanipita. Siku ya mazishi padri alisema umetutangulia. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikasirika, maana nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa kikombe.

Unakumbuka nilivyokuwa nalia nikiwa mdogo? Ulimimina uji, ukanywa kidogo, ukafuta ukingo kwa kiganja, ukanipa kwa mikono miwili na kusema, "Nimekutangulia." Mimi nikapiga kelele kwamba unaniibia. Ulicheka hadi ukaketi chini. Baadaye ukanieleza kwamba kwenu Masisi mtu hampi mwenzake kinywaji bila kukionja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna ubaya ndani, na kwamba anayesahau kuonja anamtia mgeni wake wasiwasi. Nilikuuliza, sasa kwa nini unaonja nusu kikombe? Ukasema ubaya mwingine unakaa chini kabisa.

Na yule mwalimu mwenzangu aliyetoka Kinshasa! Nilimleta nyumbani, ukamletea soda. Ukaifungua mbele yake, ukapiga funda moja zuri, ukamkabidhi chupa. Maskini aliiangalia, akaniangalia mimi. Alipoondoka nikakwambia, "Mama, ile chupa ilitoka imefungwa kiwandani." Ukanijibu, "Kiwanda iko na mama?" Nilikuwa na haya siku ile. Leo ningetoa chochote kukuona ukinywa soda ya mgeni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nimelizunguka vya kutosha, na wewe hupendi mtu anayezunguka.

Ulipougua, Mama Neema wa nyumba ya pili alikuja kila asubuhi na musururu, kile kinywaji cha mtama anachokipika mwenyewe na kukiuza kwenye vikombe pale mlangoni pake. Ulikuwa huwezi tena kutafuna, lakini ule uliupokea. Kila asubuhi alionja kwanza, akafuta ukingo, akasema neno lenu, ukanywa. Halafu ikaja ile Ijumaa ya Kwaresima. Aliingia, akakupa kikombe kwa mikono miwili, na hakuonja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Ulikunywa chote. Alipotoka nikakuuliza, kwa sauti ya hasira, na jibu lako nimelibeba mpaka leo.

"Mama, juu ya nini hakuonja?"

"Anafunga," ulisema. "Anafunga juu yangu, apate kuniombea. Mutu mwenye anakaa na njaa juu yako, utamwambia aonje? Wee mutoto."

Baada ya kikombe kile hukuweza kumeza tena kitu, na Jumapili ukafariki. Daktari alikuwa ametueleza mapema kwamba ini limekwisha, na nilimwelewa, hata nilimshukuru. Lakini unajua mji wetu. Hapa mtu hafi kwa ini. Watu walijaa uani, wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa, na kufikia siku ya pili ya matanga, shangazi kutoka Masisi akanivuta pembeni ya jiko. Akaniuliza nani alikupa kitu cha mwisho kunywa.

Nikasema, "Mama Neema." Kisha nikaongeza, "Na hakuonja."

Ni hayo tu niliyosema, mama. Yote yalikuwa kweli. Sikusema kwamba alikuwa anafunga, na nilijua. Sikusahau, wala kilio hakikunikaba koo. Nilikuwa na hasira na nilitaka kuwe na mtu aliyefanya jambo hili, mtu mwenye uso na mlango ninaoweza kuupita bila kusalimia, maana ini halina uso. Shangazi alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye mabenchi. Sikuhitaji kusema tena.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Watu waliacha tu kununua. Akina mama waliokuwa wanapanga mstari mlangoni pake asubuhi walianza kupita upande ule mwingine wa barabara, kwenye mawe meusi makali yanayoua viatu, ili wasimsalimie. Kwenye ubatizo mmoja alipeleka dumu la musururu, na dumu likarudi limejaa. Alilibeba mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi pale, na nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Miezi michache baadaye gari likaja kuchukua godoro na sufuria zake, akarudi kwa kaka yake, kule Kiwanja. Hakuja kuniaga. Nilisimama nyuma ya pazia lako la maua nikahesabu sufuria.

Nilidhani akiondoka nitapumua. Kumbe ndiyo nyumba ikawa kubwa. Alikuwa mtu wa mwisho aliyejua unavyocheka, anayejua kwamba ulikuwa unaogopa mbuzi na ulikuwa unasema uongo kuhusu umri wako. Nikitaka kusema, "Unakumbuka mama alivyofanya," sina wa kumwambia. Nimekaa hivyo mwaka na zaidi. Narudi kutoka shuleni, nachemsha chai ya mtu mmoja, naonja kwa mazoea, kisha nagundua hakuna wa kumpa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilipanda gari asubuhi, tukapita Rumangabo, mvua ikatukuta, na kila niliposema nitashuka nirudi, gari halikusimama. Kiwanja nikachukua pikipiki. Dereva aliponiuliza naenda kwa nani nikasema kwa mama mdogo. Ndivyo nilivyomwita nilipokuwa mtoto.

Amekonda. Anauza maharage mbele ya nyumba ya kaka yake. Aliponiona aliinuka, akafuta kiti kwa kitenge chake, akaniambia niketi, akaniuliza habari za shule, za paa letu linalovuja. Lakini hakunipa hata maji. Saa nzima, mama, kwenye jua la baada ya mvua. Wewe unajua maana yake. Mwishowe niliomba.

"Maji iko kwa pipa, jichotee," alisema. "Miye sipatiake tena mutu kitu ya kunywa."

Nikamwambia, "Nipatie wewe. Na mikono yako."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha plastiki cha musururu. Bado anaupika, anaunywa peke yake. Aliuinua mdomoni aonje. Nikaushika mkono wake. Nikamwomba asionje. Nikachukua kikombe na kunywa mpaka chini, pale ulipokuwa unasema ubaya unakaa. Ulikuwa umechacha kidogo, wa jana. Nilipomaliza nikaweka kikombe kwenye magoti nikasema nilichokuja kusema.

"Nilijua ulikuwa unafunga. Mama aliniambia siku ile ile. Nilijua, na sikusema."

Aliendelea kuchambua maharage. Alitoa jiwe, akatoa lingine.

"Miye nilijua kama unajua," alisema. "Mama yako aliniambia kesho yake. Alicheka, akasema umemuuliza na macho mukali."

Mama, sikuweza kuinua kichwa. Nilimuuliza kwa nini basi hakujitetea, kwa nini hakusimama pale kwenye mabenchi akasema, huyu mtoto anajua kila kitu.

"Ningesema, batu bote bangekugeukia weye. Na weye ulikuwa umebakia mwenyewe." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Miye niko na kaka."

Nililia, na hakunibembeleza. Aliniacha nilie, akaniongezea kikombe. Safari hii alionja, nusu nzima, kama wewe.

Jumapili baada ya misa nilimpigia shangazi simu nikamweleza yote, na neno nililolificha. Jumatatu nilisimama mbele ya akina mama wa jumuiya yetu hapa Mapendo nikasema tena. Wengine walinifokea, na walikuwa na haki. Wawili hawanisalimii tangu siku ile, wanapita upande ule wa mawe. Sasa najua mawe yale yanaonekanaje kutoka huku.

Sijui kama atarudi. Nilimwomba, na hakukataa wala hakukubali. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanifungia maharage kwenye mfuko mweusi, na gari lilipokuja akanisukuma mgongoni kidogo akasema, "Tanguliya, miye nakuja." Alilisema kama wewe ulivyokuwa unalisema, ukitafuta ufunguo. Niligeuka kumwangalia mpaka kona ikamficha. Bado alikuwa amesimama.

Basi nimetangulia. Nimeloweka mtama, nimeosha vikombe viwili, na nimetoa chako juu ya kabati. Mlango nimeuacha wazi. Akija nitammiminia, nitaonja mbele yake na mbele ya barabara nzima, nitafuta ukingo kwa kiganja, nitampa kwa mikono miwili. Asipokuja leo nitaumwaga nitengeneze mwingine kesho.

Pumzika, mama. Ukiwa umeketi huko, ukinitazama kwa yale macho yako, usinifichie uso.

Mimi mwanao, niliyekunywa bila kuonjewa.