Mzee Basili aandikiwa mtama

Letisia, hutaamini. Nimetoka kliniki na baba mkwe, baba yake Hhando wangu, sasa hivi.

Si unamjua Mzee Basili, dereva wa kombaini enzi za mashamba ya ngano ya serikali huku Hanang. Yule aliyepiga marufuku mtama mezani kwake, eti chakula cha washamba.

Sukari imempanda. Nesi kamwambia aache mkate, ale ugali wa mtama.

Mtama, Letisia.

Mzee akaomba aandikiwe kwenye cheti kama dawa, asionekane ameutaka mwenyewe.

Nyumbani akampa mama mkwe cheti bila kumtazama. Miaka arobaini mama anakula mtama wake jikoni, wala hajui mlango wa kliniki.

Akakisoma taratibu, akakikunja.

"Baba Hhando, chakula cha washamba nimepika cha mtu mmoja. Mkate wako uko kabatini."