Unga, Gramu 240

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeandika uongo. Kwa makusudi, tena kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Sijamwambia mtu, hata mama.

Tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye duka la mikate la shangazi. Shangazi kanunua mizani ya umeme. Amechoka na keki ambazo leo laini, kesho kavu, kwa sababu Fundi, mwokaji wake mkuu, anapima kila kitu kwa kikombe chake cha bati. Akiwa na furaha anakijaza mpaka kinamwagika. Akinuna anakikwangua juu mpaka kipungue! Shangazi akataka vipimo vyote vigeuzwe gramu. Kazi akampa Fundi. Fundi akanitupia mimi.

Wiki mbili! Kikombe cha unga nimekipima mara kumi, nikatafuta wastani: gramu 130. Sukari 200. Maji 240. Siagi inang'ang'ania pembeni, nilikuwa naitoa kwa kidole. Yote nimeyaandika kwenye daftari dogo.

Jana shangazi akauliza kazi imefikia wapi. Fundi akasema amemaliza, macho yanamuuma kwa kusoma mizani. Nami nimesimama palepale, trei mkononi! Shangazi akauliza, na huyu kasaidia? "Nani, Bubu? Huyu ukimuuliza jina lake anaomba muda." Wakacheka. Hata shangazi. Kisha akamwahidi usimamizi wa duka jipya. Nikaenda kuosha trei.

Leo Fundi kaniambia nimnakilie namba kwenye karatasi safi. Nikanakili. Penye unga nikaandika 240.

Nilijua hatashtuka. Amenicheka siku zote hizi — wapima tena nini, kikombe si kikombe, kiwe cha maji kiwe cha unga? Akaisoma, akatabasamu. "Unga sawa na maji. Si nilikwambia?"

Uliniambia, Fundi. Uliniambia.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi kaibandika karatasi ukutani. Kesho kuna keki ndogo themanini za mkutano wa walimu, na zitapimwa kwa gramu, shangazi akitazama. Unga karibu mara mbili! Nausubiri huo mchanganyiko ugeuke udongo mbele ya macho yake. Fundi aone haya mpaka masikio yaungue. Bubu atakuwa pembeni anaosha trei zake.

Mama kaniuliza mbona nacheka na sahani. Nikasema hamna kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Niko stoo, juu ya gunia.

Shangazi kabadilisha mambo. "Fundi, wewe soma. Mwanangu, njoo upime, na wewe ujifunze." Mimi! Siagi na sukari tayari zinazunguka kwenye mashine. Fundi akasoma kwa sauti ya mtangazaji: mkupuo wa kwanza, unga vikombe nane, kila kimoja mia mbili arobaini. Shangazi akasema mbona mwingi? Fundi akasema mizani haidanganyi, bosi.

Shangazi akaisogelea karatasi. Akaitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. Mwandiko wangu anaujua — ndiye aliyekuwa akinikagulia kazi za shule mama akiwa hayupo.

"Hii umeandika wewe?"

Tangu Jumatano natamani aniulize hivyo. Leo kauliza! Nikisema ndiyo, kazi ni yangu, na 240 ni yangu. Nikisema hapana, Fundi anabaki na duka. Daftari dogo limo mfukoni mwa aproni. Nikilitoa ataona 130, imepigiwa mstari mara mbili. Atajua kwamba nilijua.

Fundi naye kanikazia macho. Hajaelewa bado. Ila ameanza.

Nikasema naenda kuleta unga. Unga umejaa tele pale mezani.

Mashine bado inazunguka. Shangazi ananiita kwa jina langu, si Bubu. Na mimi, Mungu anisamehe, bado nataka Fundi aaibike. Hata sasa.

Nilivyokusudia unajua wewe peke yako, shajara yangu. Usimwambie mtu, nakuomba. Nitakuficha nyuma ya magunia — ndala za shangazi hizo, anakuja