Dhuluma Zangu za Mwezi wa Tisa

Jumatatu, 2/9/1974

Jana Mwinjilisti Elijah alitoka Nairobi akatuhubiria kwa muda wa saa mbili na nusu. Mkristo asiyeteswa ajichunguze, alisema, huenda shetani hana habari naye. Halafu tangazo: kila Alhamisi kwenye ushirika tutoe ushuhuda wa dhuluma tunazopata kwa ajili ya imani. Mwenye ushuhuda mzito atasimama mbele ya mkutano mkubwa Mombasa, mwezi wa kumi.

Nimefikiri siku nzima hapa stesheni nikikata tiketi. Nimeokoka miaka miwili sasa. Hakuna aliyenirushia hata kokoto! Na nani atanitesa hapa Voi? D.O. wa tarafa ni wetu, ameokoka. Chifu ni wetu. Askari jela anaimba besi kwenye kwaya. Baraza la juzi la mambo ya vyoo lilifunguliwa kwa maombi marefu kuliko baraza lenyewe.

Aibu tupu.

Jumanne, 3/9/1974

Leo nimejaribu. Nilimwendea stesheni masta, Bwana Owino, nikamwambia wazi kwamba sitafanya kazi Jumapili tena, ni siku ya Bwana. Nikasimama wima kungoja matusi.

Akafungua kitabu cha zamu, akafuta jina langu, akaandika lake. "Sawa, Danson. Ukifika huko uniombee hili goti." Hata kwa nini hakuuliza! Nimetoka nimekasirika. Mtu na cheo chake, anakunyima hata ukali kidogo.

Jumatano, 4/9/1974

Mchana hotelini kwa Bwana Athmani. Huyu ni Mwislamu wa kwao Lamu, nikasema hapa leo sikosi. Niliingia nikapaza sauti: "Bwana Yesu asifiwe!" Meza zote zikageuka kunitazama.

"Karibu, Bwana Danson," akasema. "Leo pana samaki wa kupaka, au wataka biriani?" Kisha akanihamisha kutoka karibu na mlango, maana upepo waleta vumbi.

Nimekula samaki. Alikuwa mtamu, lazima niseme ukweli.

Alhamisi, 5/9/1974

Ushirika. Dada Wakio ameshuhudia kwamba mbuzi wa jirani amekula kitabu chake cha nyimbo, na jirani mwenyewe ni mtu aliyerudi nyuma kiroho. Haleluya tatu! Kwa mbuzi!

Mimi nilipoulizwa nilisema jambo langu bado naliombea.

Jumamosi, 7/9/1974

Baba amekuja. Mzee Kituku mwenyewe, kutoka kwetu milimani, na ndizi, na nduma, na kibuyu chake. Amesikia mke wangu Nanzala amebakiza wiki chache kujifungua. Mjukuu, anasema, hawezi kuzaliwa mjini bila mtu wa kumwombea njia. Nanzala kwao ni magharibi, desturi za Kitaita hazijui, lakini wamependana saa ile ile. Wako jikoni, wanacheka. Natumaini hawanicheki mimi.

Jumapili, 8/9/1974

Nimeamka nikamkuta Baba mlangoni anatasa. Anavuta maji ya kibuyu mdomoni, anayapuliza chini — fuu! — na kuomba. Nyumba ipoe. Mtoto aje kwa amani. Kama kuna mwenye hasira moyoni, aiteme kama maji haya. Kwetu hutumia pombe ya miwa. Hapa ametumia maji ya mfereji, kwa kuniheshimu mimi mlokole. Nanzala amesimama mbele yake na tumbo lake, matone yanamwangukia miguuni, anafurahi kama mtoto. Na kota zote za reli zinatazama!

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Halafu nikiwa nanyoa ndevu likanijia: Danson, si ndiyo hii? Dhuluma! Nyumbani mwako mwenyewe!

Nimejikata mara mbili kwa furaha.

Alhamisi, 12/9/1974

Nimeshuhudia! Nilisema mizimu imeingia kwangu kwa njia ya kibuyu, na kila asubuhi ninazingirwa. Kidogo niliongeza chumvi. Nilisema maji yalikuwa yanachemka bila moto. Haleluya saba, nimezihesabu. Dada Wakio amenuna. Mwinjilisti Elijah alinishika bega: Mombasa utasimama wewe. Na Jumamosi ushirika wote utakuja kunikomboa.

Kunikomboa? Hilo sikulipanga.

Jumamosi, 14/9/1974

Walikuja watu kumi na wanne na ngoma.

Baba alifurahi sana. Alidhani wamekuja kumkaribisha Voi! Akaondoka kwenye kiti chake akampa Mwinjilisti, akamwambia Nanzala aweke chai. Elijah hakukaa. Alianza kukemea pale pale, macho amefumba, mkono juu, jasho linamtoka. Baba alingoja kwa adabu mpaka akamaliza. Akamwuliza: "Mwanangu, nani amekukasirisha hivi? Sema tu, itoke."

Mtu alicheka huko nyuma. Mpiga ngoma akapotea, hakujua aanzie wapi.

Elijah akauliza: "Mzee, uko tayari kumpokea Yesu?"

"Nilimpokea mwaka wa ishirini na nane," Baba akasema. "Pale misheni waliniita Thadeus."

Thadeus! Miaka thelathini na tano mimi ni mtoto wa Thadeus na sijui.

Akaendelea, pole pole, anakoroga chai. Alikuwa akisoma somo kanisani kila Jumapili. Kisha mtoto wake akaugua surua, karibu afe, naye akamtasia. Wazee wa kanisa wakasikia, wakamtoa. "Mtoto alipona. Mimi sikurudishwa. Basi nikaendelea kumwomba Mungu yule yule nyumbani."

Hakunitazama. Surua niliugua mimi. Kwetu hakuna mwingine aliyeugua.

Elijah akatafuta la kufanya. Alichukua kile kibuyu akakipiga kwenye kizingiti. Kilipasuka vipande vitatu. Marehemu Mama ndiye aliyekikausha. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, hatua mbili, mikono mitupu, na sikusema neno. Najichukia kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa. Dada Wakio ndiye aliyeinama kuokota vipande. Wakio wa mbuzi!

Walipoondoka Baba aliniuliza kama ni mimi niliyewaita. Nikamwambia sikuwaita, nilishuhudia tu.

"Ahaa," akasema. Basi.

Jumapili, 15/9/1974

Sikwenda kanisani. Na ruhusa ninayo!

Leo asubuhi Baba hakutasa. Alinawa uso tu, akakaa. Anasema kesho anarudi nyumbani, mahindi yake yanaliwa na nyani. Nyani gani, mahindi yalivunwa zamani.

Nanzala haongei nami ila kuomba nimpitishie chumvi. Jioni ndipo akasema: amesikia kwetu hasira ya mzazi ikikaa moyoni inamfikia mtoto. Basi nimwulize mzee kama anayo, aitoe kabla hajaondoka na mimba imefika hapa. Nilimwambia hayo ni mambo ya kale, sisi ni watu wa kisasa. Akaniuliza mbona basi nimetia chumvi kwenye chai.

Sikumwuliza Baba. Nilifika mlangoni mwake mara mbili nikajifanya natafuta viatu.

Jumatatu, 16/9/1974

Naandika haya kazini, chini ya kaunta. Treni ya Taveta, ya kumrudisha Baba, bado nusu saa.

Elijah ameleta ujumbe asubuhi. Jina langu limeshapelekwa Mombasa, na kichwa cha ushuhuda wamekichagua wao: Mkristo Aliyedhulumiwa Nyumbani Mwake. Kichwa ni cha kweli kabisa. Jina ndilo walilokosea.

Baba alikataa nimsindikize. Amekuja peke yake na kapu lake, akapanga foleni kama watu wote. Alipofika dirishani:

"Mwatate. Mtu mmoja."

Nikauliza ninavyomwuliza kila abiria: kwenda tu, au kwenda na kurudi?

"Kwenda tu, karani."

Karani! Nimemkatia ya kwenda na kurudi. Sijui niseme nini, mkono wenyewe ulikata. Akaichukua bila kuitazama, akaenda kukaa kwenye benchi.

Sasa amevaa miwani. Anaisoma. Anasoma taratibu, neno kwa neno, alivyofundishwa misheni. Ameigeuza nyuma. Ameinuka.

Nimempungia mkono aje moja kwa moja. Hataki. Amekwenda mwisho wa foleni, nyuma ya watu wanne.

Wamebaki wawili. Mama mwenye kuku nimemwuliza anakokwenda mara tatu. Bwana Owino ameanza kunitazama.

Mmoja.

Amefika. Ameiweka tiketi juu ya kaunta, hajasema kitu. Na mimi sijaacha kuandika, maana nikiacha itabidi nimwulize lile la Nanzala. Tiketi hajaisukuma kwangu. Kidole chake bado kiko juu yake.