Mama Mkwe na Mla Nduma

Kamenu, Thika

Dada Atieno,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya paa lako hapo ziwani. Mgongo unaendeleaje? Sisi tuko salama. Mimi nanenepa bila kibali cha mtu, na kiwandani bado hawajanifukuza.

Ulilalamika kwamba kwenye simu sisemi kitu ila "poa". Basi chukua miwani, nikueleze likizo yetu.

Unamkumbuka mama mkwe wangu, mama yake Wambui, mwenye shamba la nduma na mahindi kando ya Mto Athi. Daktari alimwambia kwamba presha ya macho imekula pande zote. Kumebaki katikati tu, kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli, na hilo tundu nalo linaziba. Dawa ni ya kuchelewesha. Wambui akamuuliza angependa kuona nini kabla halijaziba. Tulidhani atataja Mombasa.

"Kiboko," akasema. "Amekula nduma zangu tangu niolewe. Nyayo zake nazijua, mavi yake nayajua. Uso sijawahi kuuona."

Jumamosi tukaenda kwenye maporomoko, pale watu wa Nairobi huja kupanda mashua na kupiga picha. Juu ya maporomoko maji yametulia, na viboko hushinda humo mchana. Mwenye mashua, Mkamba mpole aitwaye Mutua, akasema asubuhi ameona wanne. Wambui akaangalia mashua, akaangalia maji, akatangaza kwamba yeye atalinda viatu.

"Mimi napanda na muthoni," mama akasema. Ndivyo huku wanavyomwita mkwe. "Huyu ni mtu wa ziwa."

Dada, ni wewe uliyenivuta kwa sikio nilipozama kwenye maji ya magoti. Huku nimeishi miaka ishirini bila mtu kuniuliza kama najua kuogelea, nami sikujisumbua kueleza. Ukitoka ziwani kila mtu anakudhania samaki.

Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni ubao. Mashua ilikuwa na ubao mmoja tu wa kukalia abiria. Mimi na mama mkwe, bega kwa bega! Hata kula mbele yake sijawahi. Nikaomba kukaa mbele kabisa. Mutua akanipima tumbo kwa macho.

"Mzee, ukikaa huko, hao viboko tutawaona tukiwa chini ya maji."

Mama ndiye aliyetatua. "Tupeane migongo," akasema, akaweka kiondo chake katikati yetu, heshima ikalindwa. Yeye akaangalia mbele, mimi nyuma, kwa Wambui, aliyekuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

Tulipokaribia, Mutua akaacha kupiga kasia, mbali kiasi cha kumtosha mtu mwenye akili.

"Hao hapo, shosho," akamwambia mama, kama anayemwita nyanya yake. "Kando ya matete."

"Hayo ni mawe."

"Si mawe. Geuka kidogo. Hapana, umepitiliza."

Mama akageuza kichwa huku na huku, lile tundu lake likiruka viboko na kuangukia maji matupu. Mmoja akazama. Wa pili akazama. Wa tatu.

"Basi turudi," akasema, sauti ndogo. "Ni haya macho."

Mutua alikuwa ameshika kasia kwa mikono yote miwili. Nikabaki mimi. Nikageuka, mashua ikayumba, nikasema, "Mama, unisamehe." Nikamshika kichwa juu ya kitambaa chake, kama mtu anayeelekeza tochi, nikakisogeza polepole mpaka kwa yule aliyebaki.

Mama akapaza sauti: "Kumbe ni wewe!"

Akamsomea kwa Kikuyu mashtaka yote ya nduma, na ya mahindi, na kwamba hata aibu hana. Kiboko akafungua mdomo wote. Mutua akasema taratibu, "Turudi sasa."

"Ngoja," mama akasema. "Muthoni, usiachilie. Bado ananiangalia."

Sikuachilia. Nakuambia wewe peke yako: tangu ule mdomo ufunguke, nilikuwa nimefumba macho. Jumapili baada ya kanisa jirani akaniuliza huyo kiboko yukoje. Mama akanijibia: sikio la kushoto limepasuka, kandokando ya macho ana rangi ya waridi, na ndevu chache ngumu. Nikaitikia kwa kichwa kama shahidi.

Siku hizi lile tundu limeziba, anatujua kwa sauti. Lakini uso wa yule kiboko anausimulia vizuri, na mimi mwenye macho mazima ndiye ninayekaa kumsikiliza, nijue nilienda kuona nini.

Nisalimie shemeji, mwambie nyavu zake nazionea wivu nikiwa nchi kavu. Nisalimie pia binti yako mwalimu. Na mama mdogo, ambaye anazijua mila zote, muulize kwa upole, bila kutaja jina, mtu aliyemshika mama mkwe kichwa hufanywa nini. Kama ni kosa, nitakuja mwenyewe kujibu. Ila akiniomba tena nimshike, nitamshika.

Mdogo wako,
Odhiambo