Malalamiko Yangu Dhidi ya Fundi Bakari

Jumapili, 4 Agosti
Imezimika tena. Safari hii kabla ya kufika Miteja, jua la saa saba, nami nimevaa kanzu. Pikipiki hii ninayo mwaka wa kumi na tisa. Haijapata kunidhalilisha namna hii. Kila ikigonga shimo, inakata. Fundi Bakari, mwenye kibanda cha mbao hapa sokoni Kinjumbi, amekwisha kubadilisha plagi mara mbili. Mara zote alisema, "Imepona, mzee." Haikupona.

Jumatatu, 5 Agosti
Bakari amechomoa plagi, akailaza juu ya injini, akapiga kiki. Cheche ikaonekana, ikapotea, ikaonekana. Akatamka kuwa koili, inayoipa plagi umeme, imekufa. Ameweka nyingine, iliyokwisha kutumika. Nimefika nyumbani. Simwamini.

Jumanne, 6 Agosti
Imezimika mbele ya msikiti, watu wakitoka swala ya adhuhuri. Vijana wa bodaboda wakapaza sauti: "Babu, mchinje hapo hapo, huyo hafiki!" Watu wazima wakacheka. Sitasahau.

Bakari ameiba koili yangu halisi na kunipachikia mzoga. Sina shaka. Nimeiandikia Serikali ya Kijiji aya saba, nikimtaja kwa jina la mwizi na kuomba "aondolewe sokoni pasipo kuchelewa, kwa kuwa ni hatari kwa mali na heshima ya wananchi." Shule niliishia darasa la nne. Hata hivyo, hakuna ofisi iliyowahi kunirudishia barua kwa ubovu wa maneno. Nimeifikisha kwa mkono wangu.

Alhamisi, 8 Agosti
Barua imesomwa kikaoni, mbele za watu. Bakari amepewa hadi Jumapili awe amevunja kibanda. Nimefurahi. Naandika ukweli: nimefurahi sana.

Alasiri nimeiosha pikipiki kwa ajili ya Ijumaa, kama ada yangu. Ndoo tatu za kisimani.

Ijumaa, 9 Agosti
Baada ya swala Bakari ameingia uani kwangu. Hakutoa shikamoo.

"Mzee Saidi, kibanda mmekwisha amua nivunje. Nataka kujua tu hili dude lako lina nini."

Akavua tangi. Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Pale waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, unapofungwa kwenye fremu palikuwa na ukoko, mweupe na kijani. Akaugusa, akaonja.

"Chumvi. Unaiosha kwa maji gani?"

"Ya kisima changu."

"Hicho cha mikokoni? Maji ambayo hata mkeo hapa hayapikii chai, wewe unakogeshea chombo!"

Akasugua kwa msasa, akakaza nati, akapaka grisi. Kiki moja. Ikanguruma. Akaondoka bila kunawa mikono.

Miaka miwili, tangu nichimbe kisima hicho, nimeitia chumvi kila wiki ili ifike msikitini ikiwa safi. Nimejichukia. Naye nimemchukia kwa kutotazama hapo tangu mwanzo. Lakini kutotazama si wizi, nami niliandika wizi.

Jumamosi, 10 Agosti
Mwenyekiti wa kijiji amekataa kuipokea barua yangu ya kutengua malalamiko. "Ile ilisomwa mbele za watu. Hii utaisema mbele za watu."

Alasiri wajumbe wakakusanyika. Bakari akakaa nyuma. Nikasimama bila karatasi. Nikasema: hakuiba, kosa ni langu. Mjumbe mmoja akauliza, "Na zile aya saba tamu?" Nikajibu kwamba zote ni zangu na zote ni uongo. Walicheka muda mrefu. Ningeweza kumpiga mtu. Amri ikafutwa.

Jumapili, 11 Agosti
Nimepita sokoni asubuhi. Bakari alikuwa akirudishia mbao mbili alizokwisha kuzibandua. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini na mitano. Nimemsalimia mimi kwanza. Ameitikia bila kuinua kichwa. Nikashika ubao kwa upande wa pili, mpaka alipomaliza kupigilia misumari.